Edwin Armstrong: mutu mwenye alielewa muluzi wa lampe

Poste ya radio ya zamani, ile ya mbao yenye lampe ndani, inaweza kukufanyia mambo haya: unaiwasha, unangojea dakika moja, lampe zinapata mwangaza mwekundu, opalere inaanza kutoa muvumo kidogo. Unazungusha sindano toka mwisho mumoja mpaka mwisho mwingine, na hakuna radio hata moja yenye inaingia. Umeme uko. Sauti inaweza kutoka. Antene imeungwa vizuri. Lakini poste ni kiziwi.

Fundi mwenye kujua kazi yake hataanza kubadilisha vyombo ovyo ovyo. Atajiuliza kwanza ulizo moja tu: osilateri inaishi ao imekufa?

Osilateri ni sehemu ndogo mu poste: lampe moja ao nusu ya lampe, bobini mbili zenye kukaribiana, kondensateri mbili tatu, rezistansi. Kazi yake ni kutengeneza mutetemo wake yenyewe, bila kusimama, maelfu na maelfu ya mara kwa kila segonde. Mutetemo huo ukikosekana, poste haikamati kitu. Mutu mwenye alielewa mbele ya wengine namna gani lampe inaweza kufanya vile, na kisha akaonyesha namna ya kutumia osilateri ndani ya poste ya kusikilizia, ni Mumarekani mumoja, Edwin Howard Armstrong. Ni yeye pia alitengeneza FM yenye radio zetu za jamii zinatumia kila siku. Watu wengi wenye wanasikiliza FM kila asubui hawajapata kusikia jina lake, na kuko sababu.

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1890 mu New York. Baba yake alikuwa anafanya kazi ya kuuzisha vitabu kwa Oxford University Press, mama yake alikuwa amefundisha mu masomo. Alipokuwa na miaka karibu munane alipata ugonjwa wenye unafanya mwili unashituka-shituka pasipo mutu kutaka. Alikaa nyumbani miaka mbili bila kwenda masomo, na ule mushituko wa shingo na bega haukumuacha tena mpaka mwisho wa maisha. Alikuwa mutoto wa kimya, mwenye kukaa peke yake na vyombo vyake ku chumba cha juu kabisa cha nyumba yao mu Yonkers, muji mudogo pembeni ya muto Hudson. Akasoma habari za Marconi na wavumbuzi wengine, na akiwa na miaka 14 hivi akaamua: atakuwa mumoja wao.

Mu kiwanja cha nyumba akasimamisha mulingoti wa antene wenye urefu wa karibu metre 38, alioujenga yeye mwenyewe, na alikuwa anapanda juu yake akivutwa na kamba. Kupanda juu kulimupendeza kuliko kitu kingine chote. Tutaliona tena jambo hili, na mara ya pili halikumuletea faida.

Akaingia Columbia, iniversite ya New York, kusomea uinjinia wa umeme. Alikuwa anaenda masomo na pikipiki nyekundu. Walimu wengine hawakumupenda juu ya maulizo yake: hakukubali jambo juu tu kitabu kilisema. Lakini Profesa Michael Pupin alimuona kuwa na kitu.

Wakati ule lampe ya radio ilikuwa tayari. Lee de Forest, Mumarekani pia, alikuwa ameitengeneza mwaka wa 1906 na kuiita Audion. Ndani yake kuko vitu vitatu: uzi wenye kupashwa moto, kipande cha chuma chenye kukusanya umeme, na katikati yao kiwavu kidogo chenye mafundi wetu wanaita grili. Shida ni hii: de Forest mwenyewe hakuelewa vizuri lampe yake inafanya kazi namna gani. Alifikiri hewa yenye kubakia ndani ya chupa njo yenye inasaidia. Ilikuwa ni kinyume. Hewa ile njo ilikuwa inaharibu kazi. Watu walikuwa wanatumia lampe sawa vile mutu anatumia dawa yenye hajui inatibu nini.

Armstrong akapima. Usiku kwa usiku, ku chumba chake cha juu, akapima umeme wenye kuingia na wenye kutoka, mpaka akaona kama ule wenye kutoka ku anodi unafuata sauti sawasawa, lakini ukiwa na nguvu zaidi. Mwaka wa 1912 akajiuliza: kama natwaa sehemu ya ule umeme wenye nguvu na kuurudisha ku grili, lampe itauzidisha tena, na tena, na tena? Akaweka bobini kusudi kufanya vile. Radio zenye zilikuwa zinasikika kwa shida mu ekuta zikaanza kusikika mu chumba kizima.

Kisha akazidisha kidogo. Lampe ikaanza kupiga muluzi. Mutu mwingine angesema: imeharibika, rudisha nyuma. Armstrong hakusema vile. Alielewa kama ule muluzi ni alama kwamba lampe imeanza kutetemeka yenyewe, bila kungojea kitu chochote toka ku antene. Lampe yenye kupokea ilikuwa imegeuka kuwa lampe yenye kutuma. Hapa njo osilateri inaanzia, na pia poste zote za kutumia sauti, juu mbele ya pale watu walikuwa wanatumia cheche kubwa za umeme ao mashine nzito zenye kuzunguka.

Alitaka kuandikisha breve, ni kusema hati ya serikali yenye inahakikisha kama uvumbuzi ni wa mutu fulani. Baba yake akakataa kumupa feza mpaka amalize kwanza masomo. Akauzisha pikipiki yake, na bado haikutosha. Basi tarehe 31 Januari 1913 akapeleka muchoro wake kwa notere, ukapigwa mutampo. Ukumbuke tarehe ile. Alipomaliza masomo akaomba breve ya kwanza mu mwezi wa Oktoba 1913, juu ya kuzidisha nguvu. Juu ya osilateri akaomba ingine, mu mwezi wa Desemba. Kugawanya kitu kimoja mu maombi mawili kulikuja kumugharimu sana.

Usiku wa 30 kuamkia 31 Januari 1914, akaenda na sanduku lake ku Belmar, mu New Jersey, kwenye kampuni ya Marconi ilikuwa na kituo. Mutu wa kampuni mwenye alimupokea alikuwa kijana wa rika lake, David Sarnoff, mutoto wa wahamiaji wa kutoka Urusi. Usiku kucha, mu baridi kali, wakasikiliza telegrafu za Ireland na za visiwa vya Hawaii. Sarnoff akashangaa. Wakakuwa marafiki. Kwa huyu rafiki pia tutarudi.

Paris, 1918

Marekani ilipoingia mu Vita ya Kwanza ya dunia, Armstrong akawa kapiteni wa jeshi, akatumwa Paris mu kazi ya mawasiliano. Kisha akapanda cheo cha majoro, na watu wakazoea kumuita Majoro Armstrong mpaka kufa kwake.

Kule akakutana na shida moja. Lampe za wakati ule zilikuwa zinaweza kuzidisha vizuri mitetemo ya pole, lakini ile ya mbio sana ilikuwa inazishinda. Wengi walikuwa wanatafuta kutengeneza lampe ya nguvu zaidi. Armstrong akageuza ulizo: badala ya kubadilisha lampe, juu ya nini tusibadilishe mutetemo? Tuweke ndani ya poste osilateri ndogo. Mutetemo wake ukichanganyika na ule wenye kutoka ku antene, inazaliwa tofauti ya yote mbili. Tofauti ile ni ya pole zaidi, na lampe inaiweza. Tena inakuwa ileile kila mara, hata unasikiliza radio gani, kwa hiyo vyombo vyote vyenye kufuata vinatengenezwa kwa kipimo kimoja tu na havigusiwi tena. Wanaita poste ya namna ile superheterodini. Mu poste nyingi za lampe zenye zilitengenezwa toka miaka ya 1930, tofauti ile ni kilohezi 455. Zenye zilitoka Ulaya utakuta pia 452 mpaka 470.

Twaa mufano. Unataka radio ya kilohezi 600. Osilateri ya poste inatetemeka kwa 1.055. Ukitosha 600 ku 1.055, inabakia 455. Ukizungusha sindano mpaka ku 1.000, osilateri inapanda yenyewe mpaka 1.455, na inabakia tena 455. Ni juu ya ile kondensateri ya kuzungusha iko na sehemu mbili ku chuma kimoja: moja ya antene, ingine ya osilateri.

Sasa unaelewa juu ya nini osilateri ikikufa poste inakuwa kiziwi. Hakuna tofauti yenye kuzaliwa, na sehemu yenye inangojea 455 inangojea bure.

Kwa wale wenye bado wako na poste ya namna ile nyumbani, ao vijana wenye wanajifunza kazi, haya njo mafundi wanafanya. Lakini mbele ya yote: mu poste ya lampe kunaweza kuwa volti 250 na zaidi, na kondensateri kubwa zinachunga umeme hata kisha kuchomoa. Poste zingine hazina transfo. Chasi yake inaweza kuwa na umeme wa mustari moja kwa moja. Huyo anaua. Mutu asiyezoea asifungue peke yake.

Kipimo cha kwanza hakiombi kufungua kitu. Twaa radio ndogo ya mabatri yenye inakamata AM, uiweke karibu kabisa na poste mugonjwa. Radio ndogo uiache ku 1.200. Ku poste, zungusha sindano polepole kupita 745, juu 745 na 455 inafanya 1.200. Kama osilateri inaishi, radio ndogo itanyamaza kwa gafula ao itapiga muluzi sindano ikipita pale. Ikiwa unarudia mara tatu ine na radio ndogo haishituki hata kidogo, osilateri pengine imekufa. Na kama muluzi unatokea mbali na 745, osilateri inaishi lakini imehama mahali pake. Huyo ni ugonjwa mwingine, unatengenezwa kwa kurekebisha vis za bobini na za kondensateri ndogo, haiko kwa kubadilisha lampe.

Kipimo cha pili ni cha ndani. Osilateri yenye kuishi inajitengenezea volti za chini ya ziro ku grili yake, mara nyingi kati ya 5 na 15, kufuatana na poste. Fundi anaweka multimetri kati ya grili ya osilateri na katodi. Akikuta ziro, basi hakuna mutetemo. Akikuta volti na zinabadilika kidogo akizungusha sindano, mutetemo uko, shida aitafute pengine.

Imekufa juu ya nini? Wengi wanakimbilia lampe, ECH81 kwa mufano, ao 6BE6 mu poste za Marekani. Kujaribu lampe ingine haikatazwi, kama unayo. Lakini ku poste zenye bande nyingi, mimi ningeanza na swichi ya kubadilisha bande. Vumbi na kutu mu vile vimeno vya shaba vinatosha kabisa kunyamazisha osilateri, na kusafisha hakuombi feza. Ukigeuza swichi na bande moja inaimba wakati ingine haiimbi, umeisha kujua lampe ni nzima. Kisha unapima volti za anodi: rezistansi yenye kupeleka umeme pale inazeeka, inapanda thamani miaka kwa miaka, mpaka lampe inakosa chakula. Kondensateri za karatasi zinavujisha. Uzi wa bobini, wenye uembamba wa unywele, unakatika pale unachomelewa, zaidi sana mu nyumba zenye baridi na maji-maji ya milimani; utaona kijani kidogo. Na vile vipande vya kondensateri ya kuzungusha, vikipindishwa, vinagusana mahali pamoja, na poste inakufa paka pale.

Kuko alama moja yenye inasaidia sana: poste inaimba vizuri ku upande wa frekansi za juu, lakini ukishuka kuelekea 600 ao 550 inanyamaza. Hapo osilateri haijakufa, imechoka. Lampe imezeeka ao volti zimepunguka. Ku upande wa chini mutetemo unaomba nguvu zaidi ili kujishikilia, na nguvu haziko. Na kama poste inaanza vizuri, kisha nusu saa radio imeteleza na unapashwa kuzungusha tena, tafuta kondensateri yenye haivumilii joto, zaidi ile yenye iko karibu na lampe.

Yote ile, kurudisha umeme nyuma, kukosa nguvu ya kurudisha, kuteleza, mutu wa kwanza mwenye aliifasiria kwa usahihi ni yule kijana wa Yonkers. Mwaka wa 1914 na 1915 aliandika kwa namna gani lampe inafanya kazi, pamoja na mistari ya vipimo, na mainjinia wakaelewa.

Tribinali

Vita ilipoisha, kampuni Westinghouse ilinunua breve zake kwa dola 335.000, mwaka wa 1920. Kisha akavumbua namna ingine ya kupokea na RCA, kampuni kubwa yenye Sarnoff alikuwa anapanda ndani yake, ikamulipa dola 200.000 pamoja na hisa nyingi sana, mpaka hakuna mutu mumoja mwenye alikuwa na hisa za RCA kumupita. Akawa tajiri. Mwaka wa 1923 akapanda mulingoti wa RCA juu ya gorofa moja ya New York, kwa kutaka kumufurahisha Marion MacInnis, sekretere wa Sarnoff. Sarnoff akakasirika, akamukataza kuingia tena. Marion yeye alimukubali. Wakaoana tarehe 1 Desemba 1923, na zawadi yake ya ndoa ilikuwa superheterodini ya kubeba mu mukono, ya kwanza ya namna ile. Kuko picha yenye wamekaa ku musanga wa pwani ya Florida na ile poste katikati yao. Ni kubwa sawa valizi.

Lakini de Forest hakukubali. Alisema yeye njo alivumbua osilateri mbele. Mu daftari la kazi la mwezi wa Agosti 1912, musaidizi wake alikuwa ameandika kama lampe zilipiga muluzi. Ni kweli ziliupiga. De Forest aliona muluzi ule kuwa usumbufu, akatafuta namna ya kuuondoa, na kwa miaka hakuutumia. Kesi ilianza mwaka wa 1914, wakiwemo pia mu mashindano Mujerumani Meissner na Langmuir wa General Electric. Mwaka wa 1922 Armstrong akashinda. De Forest hakuwa na feza ya kulipa, na watu wakamushauri Armstrong amusamehe gharama, jambo liishe. Akakataa. Juu ya ile uamuzi haukufungwa kabisa, de Forest akapata mulango wa tribinali ingine, na ile, mwaka wa 1924, ikageuza yote. Hapa nafikiri tunaweza kusema bila kumukosea heshima: kichwa ngumu, chenye kilimusaidia mbele ya lampe, kilimuharibia mbele ya waamuzi.

Tribinali ya juu kabisa ya Marekani ikamupa de Forest haki mwaka wa 1928, na tena mwaka wa 1934. Waamuzi waliangalia tarehe ya daftari. Mainjinia wakasoma maelezo ya ufundi mu uamuzi ule na kuona hayasimami. Mwezi huohuo wa Mei 1934, Armstrong akaenda ku mukutano wa chama cha mainjinia wa radio, kule Philadelphia, kurudisha medali yenye walikuwa wamemupa miaka ya nyuma juu ya uvumbuzi ule. Chama kikakataa kuipokea. Watu mu chumba wakasimama na kumupigia makofi.

Dawa ya radi

Kila mutu mwenye amesikiliza AM wakati wa mvua anajua: radi ikipiga, opalere inapasuka. Sisi wa milima ya mashariki tunajua zaidi, juu hapa ni kati ya mahali penye radi inapiga sana mu dunia nzima. Ku AM, sauti inabebwa ku ukubwa wa mutetemo, na radi nayo inaongeza ukubwa; poste haiwezi kuyatofautisha. Armstrong akafikiri: tuache ukubwa, tubebe sauti ku mbio ya mutetemo. Ipande na kushuka kufuata sauti, na ku poste tukate ukubwa wote wenye kuzidi, radi iende nao. Ile njo FM.

Watu wa hesabu walikuwa wameisha kusema haitafaa. Walifikiri ju ya FM yenye kuchukua nafasi ndogo. Yeye akaipa nafasi kubwa, na hapo kelele ikapotea. Breve zilitoka tarehe 26 Desemba 1933. Tarehe 5 Novemba 1935 akaonyesha mbele ya mainjinia wa New York: rafiki yake mu Yonkers, mbele ya mikrofoni, alimimina maji mu glasi, akakunja karatasi. Mu chumba walisikia maji na karatasi sawa vile viko pale, na kati ya sauti na sauti walisikia kimya. Radio haikukuwa imezoea kimya.

Sarnoff alimukubalia kufanya majaribio juu ya Empire State Building. Lakini mwaka wa 1935 RCA ikamuomba atoshe vyombo vyake, nafasi inahitajiwa kwa televizioni. Kampuni ilikuwa na feza nyingi sana mu AM na haikutaka kuanza upya. Armstrong akatwaa feza zake mwenyewe, akajenga kituo ku Alpine, mu New Jersey, upande wa pili wa muto Hudson, na mulingoti wa zaidi ya metre 120. Mwaka wa 1940 RCA ikatoa dola milioni moja kusudi itumie breve bila kulipa tena kidogo kidogo. Akakataa: wengine walikuwa wanalipa asilimia, RCA nayo ilipe vile. Wakati wa Vita ya Pili, jeshi la Marekani alilipatia FM yake bure.

Mwaka wa 1945 serikali ikahamisha FM toka megahezi 42 mpaka 50, ikaipeleka kuanzia 88. Njo bande yenye sisi tunatumia leo mpaka 108. Lakini kwa Armstrong ilikuwa pigo: mamia ya maelfu ya poste zenye watu walikuwa wamenunua zikawa bure, na radio zikapashwa kuanza kutuma upya na vyombo vipya. Wakati huohuo RCA na wengine walikuwa wanaweka FM mu sauti ya televizioni bila kumulipa.

Mu mwezi wa Julai 1948 akaishitaki RCA. Avoka wa kampuni wakamuuliza maulizo kwa siku, kwa miezi, kwa miaka. Breve ziko na mwisho, na walijua kungojea. Zilipofika mwisho, feza zilizokuwa zinaingia zikakauka. Mu mwezi wa Novemba 1953 akamuomba Marion akubali kugusa feza zenye alimuwekea kwa uzee. Marion akakataa. Armstrong akamupiga ku mukono na chuma cha kuchochea moto, na Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Ni jambo baya na hatulifichi. Miaka 30 ya ndoa iliharibika mu saa moja, mu nyumba yenye kesi iliisha kula kila kitu.

Usiku wa 31 Januari 1954, akiwa peke yake, alimuandikia Marion barua ya kuomba musamaha, akajiua. Alikuwa na miaka 63. Ilikuwa siku ileile, miaka 41 kisha notere kupiga mutampo ku muchoro wake wa kwanza.

Marion hakuacha. Mwisho wa mwaka ule RCA ikalipa dola zaidi ya milioni moja, karibu ileile yenye bwana yake alikuwa amekataa mwaka wa 1940. Kisha akaendelea na kampuni zingine, moja moja, mu tribinali, na akashinda. Ya mwisho ilikuwa Motorola, mwaka wa 1967, miaka 13 kisha kifo cha Armstrong. Marion alikufa mwaka wa 1979.

Mulingoti wa Alpine unasimama mpaka leo. Mu Septemba 2001, majumba ya World Trade Center yalipoanguka pamoja na antene zenye zilikuwa juu yake, televizioni za New York zilitafuta kwa haraka mahali pa juu pa kutumia. Zingine zilipeleka antene zao ku Alpine.